Tembo kwa Sauti ya Chini

Mpaka leo mtu akinipigia simu akaanza kunizungusha na "hujambo, watoto hawajambo, umeshakula?", mimi namkatiza hapo hapo: nani amekufa? Sema. Wanangu wanasema mama ana hasira za bure. Si za bure hata kidogo. Nina mahali nilipozitoa, na mahali penyewe ni baraza la duka la Mhindi pale Itigi, ng'ambo ya stesheni, nikiwa bado msichana wa shule na Uhuru wenyewe ukiwa mbichi.

Tulimwita Mhindi wetu. Wazee wengine walimwita Baniani, na yeye aliitika yote mawili. Alizaliwa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baba yangu, ambaye nyumbani alisema Kinyaturu tu na Kiswahili alikiweka kwa ajili ya dukani na kanisani. Baba alikuwa na mizinga ndani ya vichaka, kule ambako mtu asiyezoea akiingia hatoki na nguo nzima. Alirina asali, mama akaibeba kwa debe kichwani hadi kwa Mhindi. Yalikuwepo maduka mengine ya karibu zaidi, lakini kule mizani ilikuwa na vidole. Unapima debe lako, na mwenye duka naye ameegemeza kidole chake pale pale kama mtu anayepumzika. Mhindi wetu alirudi nyuma, akafunga mikono mgongoni, akasema, "Mama, soma mwenyewe." Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilisoma mimi. Watu wa reli walipenda kutania kwamba Baniani mbaya kiatu chake dawa. Mama alisema huyu hata mwenyewe si mbaya.

Ukimuuliza kwa nini hadanganyi, alikuwa na jibu moja tu: mfalme. Katika vitabu vya dini yao kulikuwa na mfalme ambaye hakuwahi kusema uongo maisha yake yote. Kwa ajili ya ukweli wake, gari lake la farasi halikugusa ardhi. Lilikwenda juu ya vumbi kwa kimo cha vidole vinne. Alituonyesha vidole vyenyewe, akivilaza juu ya kaunta, nasi watoto tukainama kuchungulia chini ya vidole vyake kana kwamba tungeliona gari likipita.

Hadithi ilikuwa ya vita. Ndugu na ndugu waligombea ufalme. Upande wa pili alikuwepo mzee mmoja, mwalimu wa mishale, aliyewafundisha wote tangu utoto, na maadamu ameshika upinde hakuna wa kumshinda. Mzee huyo alikuwa na mwana mmoja tu, aliyempenda kuliko macho yake. Basi watu wa mfalme wakamuua tembo mwenye jina sawa na la yule mwana, wakaanza kupiga kelele kwamba fulani amekufa. Mzee hakuwaamini. Alisema, "Nitamuuliza mfalme, yeye hajui kudanganya." Akamuuliza. Mfalme akajibu kwa sauti kubwa kwamba naam, fulani amekufa. Kisha kwa sauti ya chini akaongeza: yule tembo. Papo hapo ngoma na baragumu zikapigwa, na neno la tembo likapotelea humo. Mzee akaweka upinde chini, akaketi, wakamuua.

"Sasa huyo ndiye mkweli?" niliuliza mara ya kwanza nilipoisikia, na nikaendelea kuuliza miaka yote.

"Tembo alikufa kweli," Mhindi alisema.

"Mzee aliuliza habari za tembo?"

"Lakini alisema."

"Alisema wakati anajua hasikiki! Alidanganya. Gari lake lilifanyaje?"

Hapo Mhindi alikohoa kidogo, maana hadithi yenyewe ilimsaliti: siku ile magurudumu ya mfalme yalishuka yakagusa vumbi. "Kidogo tu," alisema. Nami nilishangilia kama mtu aliyefunga bao. Aliniambia ningefaa kuwa polisi. Mama yake, bibi mzee wa sari nyeupe aliyekaa ndani akichagua choroko kwenye sinia, alikuwa akicheka kule kule bila kuinua kichwa.

Mama yangu ndiye aliyemtetea mfalme. Aliketi juu ya debe tupu, miguu ameinyoosha, akasema, "Mwacheni mfalme wa watu. Kuna maneno mtu haambiwi akiwa amesimama."

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yetu halisi, tukisali misikitini au kanisani. Kwetu msiba hautangazwi kwa mtu aliye mbali. Mtu aliye mbali anaambiwa baba anaumwa, au hali si nzuri sana, njoo umwone. Anapanda treni akiwa na matumaini. Akifika anakaribishwa, anapewa maji, analishwa hata kama hataki. Akishaketi na kushiba, mzee mmoja anasafisha koo. Wanasema ni huruma, eti mtu akipewa msiba njiani anaweza kuanguka au kujitupa kwenye reli. Na mimi nilishawaona waliolishwa hivyo, macho yakitembea huku na huku, kila aliyekaa pale anajua isipokuwa yule anayetafuna. Nilichukia kupita kiasi.

Basi nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu upande wa Dodoma, nilikwenda dukani peke yangu. Katika watu wote tuliowajua, mwenye simu alikuwa yeye tu. Nilimwambia, "Shikamoo mzee. Nina ombi. Nikiwa kule, mimi usinifanyie haya mambo ya anaumwa kidogo. Mtu akiumwa sema anaumwa. Akifa sema amekufa. Nitasimama nisikie."

"Ninaapa kwa mfalme yule," alisema, mkono juu ya mizani.

"Thubutu! Huyo mfalme simtaki. Apa kwa mama yako."

Bibi akaacha choroko zake, akatoka mlangoni kutazama. Mhindi alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akaapa. Niliondoka nikitembea vidole vinne juu ya ardhi.

Simu ya kwanza ilikuja nikiwa mwaka wa mwisho. Niliitwa ofisini, nikapewa mkono wa simu. Laini ilikuwa inakoroma. "Baba yako anaumwa sana!" alipiga kelele. "Njoo na treni ya leo!" Kisha alisema kitu kingine ambacho sikukisikia, na laini ikakatika.

Nilifurahi. Ndiyo, nasema nilifurahi, kwa sababu alikuwa ametamka neno anaumwa, na kwa yule mtu anaumwa ilikuwa na maana ya anaumwa. Mwenzangu mmoja chuoni alininong'oneza nijikaze. Nikamjibu, "Hapana, wewe humjui Mhindi wetu." Nikapita sokoni nikanunua machungwa, maana baba alipenda machungwa, na Itigi hayapatikani hovyo. Saranda treni iliposimama nilinunua kuku wa kuchoma kama abiria wengine. Nilimla mzima. Walikuwepo vijana wa jeshi wakisimulia vichekesho, nikacheka mpaka mama mmoja mwenye mtoto akaniomba nipunguze sauti. Nilikuwa nacheka, na baba alikuwa ardhini tangu jana yake.

Nilipofika nyumbani nikakuta moto umewashwa nje mchana na wanaume wameuzunguka. Nikaletewa ugali. Shangazi akaninawisha mikono mwenyewe, kama mtoto. Mama alitoka ndani amejifunika kanga kichwani mpaka machoni, na nilipomshika kanga ikateleza, nikaona kipara cha mjane. Machungwa yakaanguka, watoto wakayakimbilia, na hakuna aliyewakataza.

Siku ya tatu nilikwenda dukani, sikungoja hata siku za msiba ziishe. Sikusalimu. Mtoto wa Kinyaturu kumwendea mtu mzima bila shikamoo, ujue nyumba inaungua. Nilimuuliza, "Uliapa au hukuapa?"

Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, mikono mgongoni. "Nilikuambia," alisema. "Nilisema anaumwa sana, halafu nikasema tumempoteza. Nilisema. Laini ilikuwa na kelele."

"Ulisema kwa sauti gani?"

Akaitazama mizani.

"Ulisema kwa sauti gani, mzee?"

"Ya chini," akasema.

Loo! Nilicheka, na si kicheko kizuri. Miaka yote nilidhani tunabishana juu ya mfalme aliyekufa zamani za kale, kumbe mwenzangu alikuwa anajifunza. Nilimwambia, "Tembo! Umenifanyia tembo!" Nikapiga kaunta kwa kiganja. Fundi cherehani barazani akasimamisha mashine yake.

Ndipo mama yangu, aliyenifuata kwa mbali, akaingia. Alisema, "Usimtukane. Mimi ndiye niliyemwambia afanye hivyo. Yeye alikataa, mimi nikalia mpaka akakubali. Ungeanguka kwenye treni."

"Nani kakwambia ningeanguka? Nilikula kuku, mama! Nilicheka njia nzima!"

"Si ndivyo? Ulifika salama," alisema mama, kana kwamba amenijibu.

Sasa nilikuwa na wasaliti wawili, na wote wawili walinitazama kwa huruma, jambo ambalo lilinikera kuliko uongo wenyewe. Tulikuwa tunatoka pale bibi wa sari nyeupe aliponishika mkono mlangoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno hili alilisema likaeleweka. "Watu wote nalilia yule mzee," alisema. "Lakini kesho yake? Kesho yake mtu nauliza mfalme kitu, nasikia jibu, nafanya nini?" Alitazama upande wa mwanawe. "Hadithi hapana sema." Niliuvuta mkono wangu. Sikuwa na nafasi ya mafumbo ya mtu yeyote wa nyumba ile.

Nilimaliza chuo, nikapangiwa kufundisha Dodoma mjini. Kwetu ikaja operesheni ya vijiji. Bwana mmoja kutoka wilayani aliwaambia watu kwamba kule barabarani, upande wa Mkiwa, maji yapo, na walipofika wakaelezwa kwamba maji yapo kwenye mpango. Mama alihamishwa kwa lori na sufuria zake na kuku wake. Mizinga ya baba ilibaki vichakani na nyuki wake, kwani nyuki huwapakii lorini. Mama hakukubali. Kila alipopata nafasi alirudi kwa miguu kwenda kuitazama, mwanamke mtu mzima, akipanda miti aliyokuwa anapanda mumewe. Nilimwandikia aache. Alinijibu kwa mkono wa mtoto wa jirani kwamba yeye ni mzima kabisa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Alikuwa anaumwa tumbo miezi mingi na hakumwambia mtu.

Simu ya pili ilikuja kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, asubuhi, watoto wakiwa mstarini. Sauti ilikuwa ile ile. Safari hii laini ilikuwa safi kama mtu yuko chumba cha pili.

"Mwalimu," alisema, "mama yako anaumwa sana. Yuko hospitali hapa Itigi, nimemleta mwenyewe kwa gari langu. Njoo na treni ya leo. Anakuita."

Anaumwa sana. Njoo na treni ya leo. Maneno yale yale, mtu yule yule.

"Nimekuelewa," nilisema.

"Hapana, sikiliza, mwalimu! Safari hii..."

Niliweka simu chini. Alikuwa bado anasema, sauti ikitoka kwenye kile chombo kama nzi aliyefungiwa kikombeni. Sikutaka kuingoja ile sauti yake ya chini. Mwalimu mkuu aliuliza kuna nini, nikamjibu, "Mama amekufa." Nikakaa kwenye kiti chake nikalia pale pale, nikamaliza. Ndiyo, niliulilia msiba nikiwa peke yangu, kwa heshima yangu, bila mtu kunilisha ugali kwanza. Nilijiona nimewashinda.

Mtu aliyefiwa hakimbilii treni mikono mitupu. Mimi ndiye mtoto pekee, sanda ilikuwa juu yangu, na miaka ile nguo ilikuwa adimu kama mvua. Kule kijijini wangemzika mama kwa shuka kuukuu. Basi nilikwenda kupanga foleni kwenye duka la serikali, kwani ilisemekana limepata kitambaa cha marekani. Nilisimama foleni kutwa. Treni ya siku hiyo niliisikia ikipiga honi nikiwa pale pale, nyuma ya mwanamke mwenye kikapu, na sikushtuka. Maiti haina haraka, nilijiambia. Jioni nilipata kitambaa changu, cheupe, kizito, kinachotosha. Nilikikunja vizuri, nikakilalia kama mto. Kesho yake nikapanda treni. Saranda sikununua kitu. Nilifunga kanga nyeusi kiunoni na kukaa dirishani, nikiwa nimetulia kabisa, mtu anayejua anakokwenda.

Mhindi alikuwa kwenye jukwaa la stesheni. Alikuwa amezeeka, shati limetoka nje ya suruali. Alinitazama usoni, kisha akatazama kilichokuwa kwapani mwangu. Yule alikuwa muuza nguo. Alikitambua kitambaa kwa mkunjo tu, urefu wake na kazi yake.

"Hiyo umeinunua lini?" aliuliza.

"Jana."

"Jana," alirudia. Akanyoosha mkono kuelekea benchi. "Kaa kwanza."

Niliposikia hilo kaa kwanza, damu ilinipanda. "Sikai! Nimeshajua, nimeshalia. Mmemzika au mmeningoja?"

"Amefariki alfajiri ya leo," alisema.

Nilisimama pale. Watu walikuwa wanashusha magunia, mchuuzi wa asali alinigusa bega akiniuliza kama ninahitaji. Nikasikia nasema, "Leo ipi?"

"Leo hii. Jana alikuwa anaongea. Nilikuambia anakuita, mwalimu. Nilikuambia kweli."

Nilimpiga. Sijawahi kumsimulia mtu kwamba nilimpiga mzee wa watu kifuani, kwa kile kile kitambaa, mbele ya abiria. Wala sijutii. Alisimama tu akapokea. Nikamwambia kweli yako ilikuwa ya kazi gani, wewe na mama yangu mlinifundisha lugha yenu, leo mnashangaa nimeielewa? Nilipiga kelele mpaka mkuu wa stesheni akatoka. Halafu nikakaa kwenye lile benchi. Naye akakaa. Ndipo nilipokumbuka bibi wa sari nyeupe, ambaye naye alikuwa ameshakufa, na swali lake la kesho yake.

Nilimtaka anisimulie jana yote, kwa sauti kubwa, asiache kitu. Alinisimulia. Tangu asubuhi mama alikuwa akiuliza kama amenipigia, na kama amenieleza vizuri. Alimjibu ndiyo, nimemwambia kweli tupu. Mama akasema basi atakuja, yule mtoto ukimwambia kweli anakuja. Akaomba anywe uji ili nimkute ana nguvu. Hospitali ile iko karibu na reli, honi inasikika kitandani. Treni ilipolia mama alimwambia, "Nenda ukampokee, ana mizigo." Akaja. Akasimama pale pale tulipokuwa tumeketi mpaka behewa la mwisho likapita. Sikushuka.

"Ukarudi ukamwambiaje?" niliuliza.

Alikuwa anatazama mikono yake.

"Nilimwambia treni imechelewa. Haijafika."

"Na yeye ameshaisikia."

"Ameshaisikia," alisema. "Alinitazama sana. Akaniambia, Mhindi, hata mimi?"